Tundu la ozoni haliko juu ya Kyela

Kila ikifika Oktoba, Ipinda inawaka. Wanaopajua nyumbani kwetu hawahitaji maelezo. Wilaya yetu ni kati ya zile zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, lakini mwezi huo utadhani hatujawahi kuiona. Barabara ya kwenda Matema ni vumbi, milima ya Livingstone imefichwa na moshi wa mashamba yanayochomwa, na saa sita mchana hata mbwa hatoki chini ya mkakao. Na kila Oktoba lazima nimsikie mtu, kijiweni au ndani ya gari la kwenda Kyela mjini, akisema kwa uhakika wote kwamba jua hili si lile la zamani, hili limepita kwenye tundu la ozoni.

Simlaumu. Miezi hiyo hiyo ya Septemba na Oktoba ndipo redio na magazeti huwa na habari za tundu hilo, maana ndipo wanasayansi hutangaza vipimo vyake. Joto letu na habari yao vinafika siku moja, mtu anajumlisha, anapata jibu. Ila jibu si hilo. Katikati ya Oktoba jua la mchana linapita juu kabisa ya utosi wa mtu aliyesimama Ipinda, halafu linarudia tena kupita hapo mwishoni mwa Februari. Mwezi Februari tuna mawingu na mvua, hatulisikii sana. Oktoba hakuna wingu. Hilo ndilo joto lenu, ndugu zangu. Tundu la ozoni liko Antaktika, kwenye barafu ya ncha ya kusini, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa.

Sasa, kama liko huko, nani alilijua? Nani alikwenda kupima hewa mahali ambapo hakuna anayeishi, na kwa nini? Nimeifuatilia habari hii kwa muda mrefu, kwanza kwa kazi yangu ya uandishi, halafu kwa ubishi tu. Nimegundua kwamba ni hadithi ya watu waliokuwa wakiandika tarakimu kwenye daftari, mwaka baada ya mwaka, bila kujua zitamfaa nani. Hebu niwasimulie.

Tuanze na ozoni yenyewe. Oksijeni tunayovuta imeundwa na atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ni oksijeni ile ile, lakini zimeshikana tatu. Mkemia mmoja wa Basel, Christian Friedrich Schönbein, ndiye aliyeitambua na kuipa jina mnamo 1839, kwa harufu yake kali. Mwaka 1913 Wafaransa wawili, Charles Fabry na Henri Buisson, walipima ni kiasi gani kilichoko juu yetu. Kuna kitu cha kushangaza hapo: ukiikusanya ozoni yote iliyoko angani, ukaishusha mpaka usawa wa bahari na kuibana kama hewa ya kawaida, inakuwa utando wa milimita 3 hivi. Milimita 3! Unene wa sarafu mbili zilizopandana. Na utando huo ndio unaozuia sehemu kubwa ya mionzi mikali ya urujuanimno isitufikie, ile inayoharibu ngozi na macho.

Halafu akaja Mwingereza, Gordon Dobson, mhadhiri wa Oxford. Huyu hakuwa akitafuta ozoni. Alikuwa akichunguza vimondo, zile nyota zinazoanguka usiku, na akaona namna zinavyowaka inaonyesha kwamba hewa ya juu sana ina joto kuliko watu walivyodhani. Akajiuliza nini kinachoipasha moto, akashuku ozoni. Basi akatengeneza chombo cha kuipima, kwenye karakana ya nyumbani kwake Boars Hill, nje kidogo ya mji, na mwaka 1924 akaanza kupima.

Siri ya chombo chake ni rahisi ukiielewa. Katika mwanga wa jua kuna mionzi ambayo ozoni inaipenda sana, inaimeza, na kuna mingine jirani yake ambayo ozoni haishughuliki nayo sana. Ukipima zote mbili zikifika chini na kulinganisha, pengo linakuambia zimepita kwenye ozoni kiasi gani huko juu. Ni kama kumtuma mtoto mlafi na mwenzake asiye mlafi wapite sebuleni kwenye sahani ya maandazi. Huhitaji kuingia kuhesabu, unawatazama tu midomo wakitoka. Mpaka leo ozoni inapimwa kwa kizio kinachoitwa jina la Dobson: vizio 100 ni milimita 1 ya utando. Kwa hiyo mtu akisema vizio 300, anasema zile milimita 3.

Mwaka 1926 Dobson alitawanya vyombo vyake Ulaya: Ireland, visiwa vya Shetland, Sweden, Ujerumani, na Arosa kwenye milima ya Uswisi. Kumbukumbu iliyoanza kule Arosa mwaka huo ndiyo ndefu kuliko zote duniani. Picha zote zilizopigwa na vyombo hivyo zilitumwa Oxford kwa posta akazisome mwenyewe. Miaka miwili baadaye akavitawanya mbali zaidi: California, Kodaikanal kule India, Christchurch New Zealand, na Helwan, Misri. Naitaja Helwan kwa makusudi. Afrika ilikuwamo kwenye hesabu hii tangu mwanzo, ingawa ni nadra kuikuta ikitajwa.

Tarakimu zilipokusanyika zikaonyesha jambo ambalo halikueleweka. Kaskazini, ozoni ina msimu. Inapanda mpaka kileleni mwezi Machi na Aprili, majira yao ya kuchipua, halafu inashuka polepole mpaka vuli. Kadiri unavyokaribia ncha ndivyo kupanda na kushuka kunavyokuwa kukubwa. Lakini huku kwetu karibu na ikweta ozoni ni kidogo na haibadiliki sana mwaka mzima. Na hapo ndipo palipo na kitendawili. Ozoni inatengenezwa na jua. Jua kali liko kwetu. Inakuwaje sisi wenye jua tuwe na ozoni kidogo, na wale waliotoka kwenye baridi na giza la miezi wawe nayo tele?

Mtu wa Kyela hapaswi kushindwa na kitendawili hiki. Mchele unalimwa wapi? Kwetu. Nenda ghala za Mbeya na Dar es Salaam mwezi wa Agosti uhesabu magunia, halafu njoo Ipinda uhesabu yaliyobaki ndani ya nyumba za wakulima. Ukipima kwa magunia tu utasema mchele unalimwa Dar. Ozoni ni hivyo hivyo. Inatengenezwa kwa wingi juu ya nchi za joto, halafu hewa ya huku inapanda, inasafiri kuelekea ncha za dunia, na kule inashuka na kurundikana, hasa wakati wa baridi. Alan Brewer ndiye aliyeieleza safari hiyo mwaka 1949 na Dobson akaiendeleza miaka iliyofuata, na mpaka leo mzunguko huo wa hewa unaitwa kwa majina yao mawili. Anga letu ndilo shamba, ncha za dunia ndizo ghala.

Kupima ghala lenyewe ilikuwa taabu. Chombo cha Dobson kinataka jua, na kule ncha jua linapotea kwa miezi. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote hapa Ipinda ni kama saa moja na dakika chache, ndiyo maana sisi tunasema saa moja asubuhi na kila mtu anajua maana yake. Wao kwenye majira ya baridi wanaweza kumaliza wiki baada ya wiki bila kuona asubuhi. Waliopima huko walilazimika kutumia mwanga wa mbalamwezi, ambao ni hafifu sana, na kusubiri mwezi ukiwa mkubwa na anga likiwa safi. Siku zinazopatikana zinahesabika.

Ulipokaribia ule Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, mataifa mengi yalipeleka watu Antaktika. Waingereza walijenga kituo cha Halley Bay mwaka 1956, juu ya barafu inayoelea baharini, na wakapeleka chombo cha Dobson. Hapa ndipo hadithi inaponoga, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayosahaulika.

Watu walitegemea kwamba kusini kutakuwa kama kaskazini, ila miezi sita nyuma. Kaskazini, kule Spitsbergen, ozoni ilikuwa nyingi majira ya kuchipua. Basi Halley Septemba na Oktoba nayo ingekuwa nyingi. Haikuwa. Zilikuja tarakimu za vizio 150 hivi pungufu ya zilizotegemewa. Wazo la kwanza pale Oxford lilikuwa kwamba mpimaji amekosea au chombo kimeharibika, ingawa kilikaguliwa kabla ya kuondoka. Halafu, Novemba, ozoni ikaruka ghafla mpaka pale ilipotegemewa. Mwaka uliofuata ikafanya vile vile. Kumbe si chombo. Kusini kuna msimu wake.

Sababu ni upepo. Wakati wa baridi upepo mkali unaizunguka Antaktika kama ua, hewa iliyo ndani haichanganyiki na ya nje, na ile ozoni inayoletwa kutoka nchi za joto inarundikana nje ya ua, haiingii. Jua likirudi na kupasha joto, ua unabomoka mwezi Novemba hivi, na ozoni inamwagika ndani. Kaskazini ua huo ni dhaifu kwa sababu ya milima na mabara yanayousumbua upepo, kwa hiyo ozoni inaingia mapema. Yaani ule upungufu wa 1956 ulikuwa wa asili kabisa: vizio 300 hivi mwezi Oktoba. Ishikeni hiyo 300, tutarudi kwake. Kuna watu wenye hila walioichukua habari hii baadaye wakasema mnaona, tundu lilikuwepo tangu zamani. Hawakusoma tarakimu.

Wakati haya yakiendelea, viwandani kulikuwa na jambo jingine. Friji za kwanza zilitumia gesi za sumu kama amonia na salfa dioksidi, zikivuja zinaua watu usingizini. Mwaka 1928 Mmarekani Thomas Midgley na wenzake wakatengeneza gesi mpya, za jamii tunayoiita CFC. Haziwaki moto, hazina sumu, hazina harufu, hazishikani na kitu. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Zikaingia kwenye friji, viyoyozi, makopo ya kupulizia dawa ya mbu na manukato, magodoro ya sponji. Na kwa kuwa hazishikani na kitu, hazikuisha. Mwaka 1971 James Lovelock alipanda meli ya utafiti kutoka Uingereza kwenda Antaktika na chombo chake mwenyewe, akazikuta gesi hizo kwenye hewa ya bahari kila alikopita. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaeleza zitakakoishia: zitapanda taratibu mpaka juu ya ozoni, mionzi mikali itazivunja, klorini itatoka, na chembe moja ya klorini inaweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni kabla haijatulia. Makampuni yakapiga kelele kwamba hiyo ni nadharia tu. Na kweli, mpaka hapo ilikuwa karatasi na kalamu.

Huko Halley watu walikuwa wakiendelea kupima. Miaka 10, miaka 20. Mkuu wa kazi hiyo, Joseph Farman, alikuwa akiulizwa faida yake ni nini, kwa nini serikali iendelee kulipia chombo cha kizamani wakati Wamarekani wana satelaiti. Swali hilo mwandishi wa habari yeyote wa nchi yetu analijua, ni lile lile linaloulizwa kuhusu kituo cha mvua ambacho mzee mmoja anakisoma kila asubuhi kwa posho isiyotosha sabuni. Kijana aliyeajiriwa mwaka 1977, Jonathan Shanklin, alipewa kazi ya kuingiza kwenye kompyuta marundo ya tarakimu za zamani. Kazi ya kuchosha, ya mtu mpya. Ndiyo iliyoonyesha kwamba Oktoba za Halley zinashuka.

Farman hakukimbilia magazeti. Chombo kilikuwa kizee, labda kimechoka, kikabadilishwa. Kipya kikatoa jibu lile lile. Wakatazama kituo chao kingine kilichoko kaskazini zaidi, nacho kilikuwa kinashuka ingawa kidogo. Tarehe 16 Mei 1985 Farman, Brian Gardiner na Shanklin wakachapisha kwenye jarida la Nature. Ile 300 ya Oktoba ilikuwa imeshuka mpaka chini ya 200. Karibu theluthi moja na zaidi ya utando, imeondoka. Mjapani Shigeru Chubachi wa kituo cha Syowa naye alikuwa ameona tarakimu ndogo mwaka 1982 na akaziwasilisha mkutanoni Ugiriki mwaka 1984, lakini alikuwa na kumbukumbu za mwaka mmoja, na hazikupata masikio. Nafikiri tofauti ilikuwa hapo. Farman alikuwa na 1956.

Na satelaiti je? Nimbus 7 ilikuwa angani tangu 1978 ikipima dunia nzima kila siku. Ilikuwa imeona. Ila programu ya kompyuta ilipangwa kutia alama ya mashaka kwenye tarakimu yoyote iliyo chini ya vizio 180, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona ozoni ndogo kiasi hicho. Tarakimu hazikutupwa, kama watu wanavyopenda kusimulia, ziliwekwa pembeni zisubiri. Waliporudi kuzitazama wakakuta tundu lenye ukubwa wa bara zima. Ndipo dunia ikaona ile picha ya rangi ya zambarau tunayoijua.

Likabaki swali la kwa nini huko, na kwa nini msimu huo, wakati gesi zinatoka Ulaya na Marekani? Susan Solomon, Mmarekani aliyekuwa hajafika miaka 31, aliongoza msafara wa McMurdo mwaka 1986 kupata jibu. Ndani ya ule ua wa upepo baridi inafika nyuzi 78 chini ya sifuri na kupita. Kwenye baridi hiyo yanatokea mawingu membamba huko juu ambako kwa kawaida hakuna mawingu, na juu ya chembe zake ile klorini iliyofungwa inafunguliwa, gizani, kimya kimya. Jua la kwanza la mwisho wa Agosti likichomoza, klorini inawaka kazi. Ndiyo maana tundu linafunguka Agosti, linafika kina chake mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba, na kufunga Novemba au Desemba. Kaskazini hakuna baridi ya namna hiyo kila mwaka, ila 2011 na 2020 ilitokea, na Aktiki nayo ikapoteza ozoni vibaya.

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana habari hii ina mguu mmoja huku. Makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, Nairobi. Mkuu wake kuanzia 1975 mpaka 1992 alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mwanasayansi wa mimea. Yeye ndiye aliyewakalisha wakubwa mezani. Mkataba wa Vienna ulitiwa saini tarehe 22 Machi 1985, miezi miwili kabla makala ya Farman haijatoka, wakati hata hakuna aliyekuwa na uhakika. Tarehe 16 Septemba 1987 ikafuata Itifaki ya Montreal, iliyoweka tarehe za kupunguza gesi zenyewe. Sekretarieti inayosimamia mikataba hiyo iko Nairobi mpaka leo. Kwa gari unaweza kufika mlangoni.

Na Nairobi wanapima. Pale Dagoretti Corner, kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, tangu 1996 wamekuwa wakirusha maputo ya ozoni kwa ushirikiano na idara ya hali ya hewa ya Uswisi, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na tangu 1998 kituo hicho kimo kwenye mtandao wa vituo vya nchi za joto ulioanzishwa na Anne Thompson wa NASA. Malindi nako, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano, walirusha kwa miaka kadhaa. Puto linabeba kisanduku chenye pampu ndogo inayovuta hewa na kuipitisha kwenye maji yenye chumvi ya iodidi. Ozoni ikigusa maji hayo inatoa umeme kidogo sana, umeme ukiwa mwingi ozoni ni nyingi, na redio inatuma habari chini. Linapanda mpaka kilomita 30 hivi, linapasuka. Faida yake ni kwamba halihitaji jua, ndiyo maana kule ncha ya kusini wanarusha maputo ya namna hiyo hiyo katikati ya giza la Juni. Kinachoonekana kule Oktoba kinatisha: kati ya kilomita 14 na 20 kwenda juu, ozoni inakaribia kuwa sifuri. Juu ya Nairobi utando mzima uko kwenye vizio kati ya 240 na 280, na ndivyo ulivyokuwa siku zote.

Mnaona hapo? Utando wetu ni mwembamba kwa asili, na jua letu linapiga wima. Mionzi mikali tunayo bila msaada wa tundu lolote. Anayeumia zaidi ni ndugu yetu mwenye ualbino, anayelima mpunga kutwa bila kofia ya ukingo mpana wala mafuta ya kujikinga na jua, na ambaye saratani ya ngozi inamfuata akiwa bado kijana. Nikisikia mtu akisema tundu la ozoni ndilo linalowaua, napandwa na hasira kidogo, maana maneno hayo yanaifanya kazi ya kununua mafuta na kofia ionekane ni ya watu wa Antaktika.

Je, hili linamhusu fundi friji wa Ipinda? Sana. Mjomba wangu anatengeneza friji za soda na majokofu ya samaki, na siku moja nilipokuwa namweleza haya alinikatisha. "Mjomba, mimi niambie kitu kimoja. R12 walituondolea. Tukajifunza R134a. Sasa R22 nayo wanasema inaondoka. Waliotoboa huko juu ni mimi?"

Nikamwambia hapana, si wewe. Na swali lake ndilo lililokaribia kuvunja makubaliano yote. India na China zilikataa kuingia mpaka zijue nani atalipa. Mwaka 1990 mjini London ukaanzishwa mfuko ambao nchi tajiri zinachangia ili nchi kama yetu zibadilishe mitambo na kufundisha mafundi. Nchi zinazoendelea ambazo matumizi yake hayafiki kilo 0.3 kwa mtu kwa mwaka zikapewa muda wa ziada. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. CFC zikatakiwa ziishe kwetu ifikapo 2010, na kanuni za serikali za kuzisimamia zilitoka mwaka 2007. R22 ilisimamishwa isiongezeke mwaka 2013, inapunguzwa hatua kwa hatua, na 2030 itabaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine za zamani. R134a haidhuru ozoni, lakini inapasha dunia joto, na marekebisho yaliyofanywa Kigali Oktoba 2016 yameigusa hiyo pia.

Mjomba alisikiliza, akacheka. "Kwa hiyo hela za mfuko zipo. Mimi mafunzo sijayaona." Hapo sikuwa na la kumjibu, na sioni aibu kuliandika. Gesi mpya zinazoingia kwenye friji za sasa, kama R600a, zinawaka moto kama gesi ya kupikia. Fundi wa kijijini anayezijaza huku tochi ya kulehemu iko pembeni, na hakuna aliyemwambia, yuko hatarini kuliko mtu yeyote wa Antaktika. Mikataba inasomwa Gigiri. Mtungi unafunguliwa Ipinda.

Je, imefaa? Tarakimu zinasema ndiyo. Klorini huko juu inapungua, na wanasayansi waliokaa mwaka 2022 kupiga hesabu walisema kama dunia ikiendelea kutii, ozoni ya Antaktika itarudi ilivyokuwa 1980 ifikapo mwaka 2066 hivi, Aktiki 2045, na kwingineko 2040. Muda mrefu, kwa sababu gesi za miaka ya themanini bado ziko angani zinazunguka. Mwaka 2018 wapimaji waligundua kwamba CFC ya aina ya kwanza haipungui kwa kasi inayotakiwa. Maana yake kuna mtu anatengeneza kwa siri. Vituo vya Korea na Japani vikafuata upepo, na 2019 ikaelezwa kwamba sehemu kubwa inatoka mashariki ya China. Baada ya hapo ikashuka tena. Hakuna polisi aliyeingia kiwandani kwanza. Ni hewa iliyotoa ushahidi.

Halley yenyewe imehamishwa kwa sababu ya nyufa kwenye barafu, na tangu 2017 hakuna mtu anayelala pale wakati wa baridi. Vyombo vimeachwa vijiendeshe vyenyewe gizani. Jua likirudi Agosti vinaanza tena kuandika, na ile safu ya Oktoba iliyofunguliwa 1956 inaongezewa tarakimu moja.